Kunakili muvi kwenye kompyuta: Haki ya mwenye mali na amana ya nyumba

  

Katika darsa tulizopata kuzifanya Kasulu na Kibondo, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, tuliulizwa maswali mengi juu ya twahara, mirathi na talaka, kama ilivyo ada. Lakini swali lililozua mjadala mrefu kuliko yote liliulizwa na mama mmoja wa Kasulu, naye aliliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba anaona haya. Kijana wake alirudi likizo na kompyuta ya mapajani iliyokwishatumika, ya yale matoleo yenye tundu la diski. Kila asubuhi alikwenda kukodi diski mbili tatu dukani, akazinakili zote kwenye hifadhi ya ndani ya kompyuta, kisha akazirudisha kabla ya adhuhuri. Usiku, umeme uwepo usiwepo, familia ilikaa ikatazama. Baba alimsifu kijana kwa kuwapunguzia gharama. Mama akatuambia: "Sheikh, mimi roho yangu inasita. Diski tumerudisha, lakini kitu tumebaki nacho. Je, hatujala cha mtu?"

Hizo zilikuwa zama ambazo diski zilikuwa zimeshamiri. Leo zimepungua sana, na kompyuta nyingi mpya hazina tena tundu hilo. Hata hivyo swali halikuondoka pamoja na diski. Nakala za miaka ile zimo majumbani bado, zikihamishwa kutoka kompyuta kuukuu hadi mpya, na biashara yenyewe imehamia kwenye flashi na kadi za simu. Kijana anakaa na kompyuta yake karibu na stendi au sokoni, mteja anakuja na flashi kutoka kijijini, anawekewa muvi na nyimbo, analipa, anaondoka. Ndiyo maana tumeona tulirudie swali la mama yule kwa urefu wake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda akaliona jambo hili kuwa dogo. Aijuaye hali ya kule hatalidharau. Mpaka mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo ilipounganishwa na gridi ya taifa, umeme wake ulitoka kwenye mashine za dizeli. Vijiji vingi vilivyo mbali na barabara kuu vilikuwa gizani, isipokuwa kwa wenye taa za jua. Vumbi jekundu la kiangazi nalo huingia kila mahali, na diski iliyopita mikononi mwa wakodishaji wengi hukwaruzika, picha zikakwama katikati ya kisa. Katika mazingira hayo, kompyuta yenye betri nzuri na muvi za kutosha ndani yake ilikuwa ndiyo sinema ya nyumba. Hatuwalaumu watu kwa kutafuta cha kuwaburudisha baada ya kutoka shamba. Tunachokiuliza ni njia waliyopitia, na kile walichokiingiza ndani.

Maulamaa wetu wa usul wamefundisha kwamba hukumu juu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu kitu chenyewe, basi na tukifahamu. DVD ya kawaida yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na CD hubeba megabaiti 700 hivi. Diski halali za makampuni makubwa ya filamu aghalabu hutiwa kufuli ya siri, ili zichezwe lakini zisinakiliwe, na zipo programu zinazoivunja kufuli hiyo. Diski nyingi zilizouzwa katika masoko yetu hazikuwa na kufuli yoyote, kwa sababu zenyewe zilikuwa nakala za magendo: filamu kumi au ishirini zilizobanwa ndani ya diski moja, yenye jalada lililojaa nyuso za waigizaji. Kunakili huchukua dakika chache, na ile diski ya asili haipungukiwi na kitu. Hapo ndipo penye utata wote. Mwizi wa mbuzi humwacha mwenye mbuzi bila mbuzi. Anayenakili humwachia mwenye diski diski yake, ikiwa nzima kama alivyoikuta. Vipi basi tuseme kwamba amechukua?

Jawabu tunalipata katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asimkamue mnyama wa mwenzake ila kwa idhini yake. Kisha akatoa mfano: je, kuna anayependa ghala yake iendewe, ivunjwe, na chakula chake kichukuliwe? Kwani viwele vya wanyama ndivyo ghala za wenyewe. Hadithi hii inafahamika upesi Kibondo na Kasulu kuliko mahali pengi, kwani Waha ni watu wanaoujua ufugaji. Mtu akiazima ng'ombe wa jirani kwa kazi ya siku moja, akamkamua kwa siri, kisha akamrudisha jioni akiwa mzima na kesho ana maziwa mengine, hakuna mzee wa kijiji atakayesema kwamba hakuchukua kitu. Ng'ombe amerudi, maziwa hayakurudi.

Na diski ni hivyo hivyo. Mwenye duka hakumkodisha kijana plastiki ya duara. Alimkodisha manfaa ya kutazama kwa muda maalumu, kwa ujira maalumu. Huo katika fiqhi yetu ni mkataba wa ijara, na ijara ina mipaka yake. Aliyelipia kutazama siku moja, akajiwekea uwezo wa kutazama miaka mitano, amepita mpaka wa alichokilipia. Waislamu hufungwa na masharti yao, kama ilivyokuja katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi na wengineo. Kisha nyuma ya mwenye duka yuko mwenye filamu, ambaye hakumpa hata huyo mwenye duka idhini ya kugawa nakala.

Kuna waliotujibu darsani kwamba filamu si mali, kwa kuwa haishikiki. Hoja hii ina mzizi katika vitabu, wala hatuidharau. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wa zamani hawakuihesabu manfaa kuwa mali kwa dhati yake, mpaka ifungiwe mkataba. Lakini jamhuri ya maulamaa, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi na Malik, wameihesabu manfaa kuwa mali, na sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi. Ama kwa zama hizi, jambo lilijadiliwa na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, chombo cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988. Wanavyuoni waliokutana pale waliamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali kwa desturi ya leo, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Nchini kwetu Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Sheria za nchi zinazolinda mali za watu bila ya kuamrisha maasi ni wajibu wa Muislamu kuzifuata.

Wengine walitukumbusha kwamba salafu wetu walikuwa wakinakili vitabu bila ya kuomba ruhusa, na kwamba kuna onyo kali kwa mwenye kuficha elimu. Ni kweli. Baghdad ilikuwa na masoko ya wanakili, na kitabu kilienea mji hadi mji kwa mikono yao. Lakini mwandishi wa zama zile hakuishi kwa kuuza nakala, na mnakili alitumia miezi na wino na karatasi zake mwenyewe kupata nakala moja. Isitoshe, hiyo elimu ambayo kuificha ni dhambi ni ile ambayo watu wanaihitajia katika dini yao. Sidhani kuna mwanachuoni atakayeiingiza filamu ya mapigano katika mlango huo, hata apewe nini.

Hoja iliyotusikitisha zaidi ilikuwa ya tatu, nayo ilitolewa kwa kicheko: kwamba wenye filamu hizo ni matajiri wa Marekani na India, tena si Waislamu, basi wamepungukiwa nini? Sheria yetu tukufu haikuihalalisha mali ya mtu kwa kuwa ni tajiri, wala kwa kuwa ni wa dini nyingine. Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka, watu waliokuwa wakipanga njama ya kumuua walikuwa na amana zao nyumbani mwake. Alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma, pamoja na hatari iliyokuwapo, ili kila amana irudi kwa mwenyewe. Hao walikuwa maadui walioshika panga. Mtengeneza filamu wa ng'ambo hajamfanyia ubaya wowote mtu wa Kasulu.

Na wala si kweli kwamba anayepoteza yuko mbali siku zote. Filamu za Kitanzania zilipovuma katika miaka ya 2000, wakati wa kina marehemu Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012, waliozicheza, waliobeba kamera, waliopika chakula cha wafanyakazi na waliozisambaza mikoani walitegemea diski moja moja iuzwe. Serikali ikafikia hadi kuziwekea diski halali stempu ya kodi katika miaka ya 2010, ili mnunuzi azitambue. Biashara ile ya diski ilidhoofika kwa sababu zaidi ya moja, yakiwamo mabadiliko ya teknolojia, lakini nakala za magendo zilikuwa miongoni mwa sumu zake. Vijana wengi waliopoteza riziki pale ni watoto wa nyumba kama zetu, na wamo Waislamu wengi miongoni mwao.

Tumerefusha katika hili kwa makusudi. Mara nyingi sisi masheikh tukizungumza juu ya muvi huenda moja kwa moja kwenye uchi na ngoma, tukasahau kwamba hata filamu safi kabisa inaweza kuwa mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa. Haki ya Mwenyezi Mungu mja huiombea msamaha kwa Mola wake, naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya binadamu humsubiri mwenyewe. Katika Sahihi Muslim Mtume (S.A.W.) amemweleza mufilisi wa umati wake kuwa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali alikula mali ya huyu na kumvunjia heshima yule, mpaka mema yake yagawiwe kwa aliowadhulumu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, waumini wamekatazwa kulana mali zao kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Ridhaa ndiyo nguzo. Mama yule wa Kasulu aliihisi nguzo hiyo kabla hatujamsomea aya.

Jawabu tulilompa lilikuwa hivi. Zile nakala zilizotokana na diski za kukodi zifutwe, na kijana aende kwa mwenye duka amweleze na amtake radhi, au amlipe kodi ya siku alizomzidishia ikiwa atadai. Yeye ni jirani, anajulikana, na jambo lake ni jepesi. Ama diski halali ambayo familia imeinunua kwa pesa yake, ikainakili kwenye kompyuta yake kwa kuhofia mikwaruzo, tunaelekea kwenye wepesi, kama walivyoelekea wanavyuoni wengi wa leo, maadamu nakala haitoki kwenda kwa mwingine, na ile diski ikiuzwa au ikitolewa zawadi basi nakala nayo ifutwe. Diski ya magendo, ile ya filamu ishirini, haina mlango. Aliyeiuza hakuimiliki, na mwenye kuinunua ilhali anajua hapati kwake zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji.

Sasa tuje kwenye kile kilichomo ndani, kwani nacho kina mambo ambayo wazazi hawajayatilia maanani.

Zamani kijana aliyetaka kutazama alikwenda kwenye banda la video, lile ambalo watu walilibatiza jina la kibanda umiza. Tulivilaumu sana vibanda hivyo mimbarini, na vilistahili. Lakini kibanda kilikuwa na jambo moja: mtu alionekana akiingia. Jirani alimwona, mwalimu wa madrasa alimwona, na haya ya kuonekana iliwarudisha wengi mlangoni. Nakala iliyo kwenye kompyuta haina mlango wa barabarani. Mtoto anajifunika shuka, anavaa spika za masikioni, na hakuna ajuaye isipokuwa Yule ambaye hakifichikani kitu mbele Yake. Na diski ya kukodi ilikuwa lazima irudi kesho, ikatoka nyumbani pamoja na shari yake. Kilichonakiliwa ili "kitazamwe baadaye" kinakaa. Baba alikinakili mtoto akiwa na miaka mitano, na mtoto akifika miaka kumi na miwili bado kipo, katika folda ambayo baba mwenyewe amekwishaisahau.

Lipo na hili la diski za filamu nyingi. Mzazi anachagua filamu moja ya kisa cha familia, anaitazama, anaridhika. Lakini mwenye kunakili hachagui. Ananakili diski nzima, na pamoja na ile moja zinaingia nyingine kumi na tisa ambazo hakuna mtu mzima aliyezitazama. Kadhalika kwenye flashi: mteja anasema "niwekee muvi mpya," kijana anajaza mpaka nafasi iishe. Hatujapata kuona mtu anayenunua gunia la mahindi bila kutia mkono ndani kuangalia. Flashi inapelekwa moja kwa moja sebuleni.

Na filamu zenye sauti ya Kiswahili juu yake, za wale wasimulizi wanaofafanua kisa kwa wasioelewa lugha ya asili, zinahitaji sikio na si jicho peke yake. Wamo wasimulizi hodari wanaowasaidia wazee na kina mama kufuata kisa, na wamo wanaotia matusi na mzaha mchafu mahali ambapo picha haina ubaya wowote. Mzazi anayepita mbele ya skrini akaona watu wamekaa mezani wanakula huondoka akiwa ametulia, na maneno yanayosemwa hapo hayarudiki mbele ya mkwe. Katika Sura Al-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa.

Kwa hiyo tunamshauri baba mwenye kompyuta au simu yenye nafasi kubwa akae nayo jioni moja, afungue folda moja moja, afute asichokijua. Asimtume mtoto amfanyie kazi hiyo. Hadithi ya kila mmoja wetu kuwa mchunga, na kuulizwa juu ya alichokichunga, huwa tunaisoma harusini. Mahali pake ni hapa pia. Na muda wa kutazama uwekwe baada ya Isha kuswaliwa na usivuke kiasi, kwani tumewaona watu waliokesha na kisa cha mfululizo wakaamka jua limekwishapanda.

Tumalizie na kijana wa Kibondo, ambaye alitujia baada ya darsa peke yake. Yeye ndiye mwenye kompyuta, muuzaji wa hizo nakala, na kwa kazi hiyo anamlisha mama yake na wadogo zake. Hakutaka kubishana. Alitaka kujua tu afanyeje, kwa kuwa kufunga leo ni kulala njaa kesho. Tulimwambia kwamba chumo linalotokana na kuuza mali ya watu bila idhini halina baraka hata likilisha yatima, lakini toba haimtaki mtu aangamize familia yake. Asimamishe kuuza filamu na nyimbo za watu, kwani hilo ndilo sharti la kwanza. Kwa yale yaliyopita, wenye haki ambao anaweza kuwafikia awatafute. Wasiofikika, awatolee sadaka kwa niaba yao kadiri anavyoweza, kidogo kidogo. Akitaka kubaki katika biashara ya kazi za sanaa kwa njia ya halali, serikali ina Ofisi ya Hakimiliki, na leseni ndiyo njia yake.

Na ile kompyuta aendelee nayo, kwa kuwa ujuzi wake si haramu. Achape barua na maombi ya kazi. Anakili mawaidha na visomo vya Qur'ani ambavyo wenyewe wameruhusu visambazwe. Mengi yameandikwa ruhusa hiyo juu ya jalada, na yasiyoandikwa aulize. Na katika miji hiyo kuna nyumba nyingi zenye diski za harusi, za hitima na za mahafali ya madrasa zinazokwaruzika makabatini, na wenyewe hawana tena mashine ya kuzichezea. Kuzihamishia kwenye flashi au kompyuta ni kazi halali yenye ujira halali, kwa kuwa mteja ndiye mwenye kumbukumbu. Tulimwekea sharti moja tu. Harusi zina picha za wake na mabinti za watu katika mapambo yao, basi kazi ya namna hiyo aifanye dada yake au mwanamke mwingine anayeaminika, na ikishakabidhiwa, isibaki nakala hata moja ndani ya kompyuta ya dukani.

Wallahu aalam.